Kesi ya Fundi Miavuli huko Michoroni

Jinsi Mwajabu alivyofika Michoroni ni habari fupi: alikuwa akitazama anime, zile katuni za Kijapani, akasogea karibu zaidi na skrini, akawa ndani. Yenye maana ni yale aliyoyakuta huko. Kila kitu katika nchi ile kimezungushiwa mstari mweusi mwembamba, kuanzia milima hadi maandazi, na mawingu nayo hayakusahauliwa. Macho ya wenyeji ni makubwa kiasi kwamba mtu akikutazama unajiona humo mzima mzima, kuanzia mtandio hadi kandambili. Nywele za mashujaa hupepea hata ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, na upepo huo hutolewa na serikali. Nywele za raia wengine hutulia mpaka zipate kibali.

Mwajabu aliyaona haya akiwa amesimama langoni, mkono kifuani, kama mtu anayezuia kitu kisiruke. Alikuwa msichana wa Muheza, aliyemaliza chuo mwaka uliopita, mwenye sauti ndogo ambayo wahadhiri walichoka kuiomba ipande. Tangu akiwa na miaka kumi na mitatu alikuwa akipenda anime kwa mapenzi ya kimyakimya, na sasa alikuwa katika nchi ambamo anime zote zinaishi, kila mfululizo na kipande chake cha mtaa, watu wake wakitembea, wakinunua vitunguu, wakigombana na majirani. Kwa mbali aliliona roboti lenye kimo cha mnara wa msikiti likiinama taratibu ili kamba ya kuanikia nguo isilinase shingoni. Mwenye nguo alilishukuru, likasema haidhuru, mama. Mwajabu alicheka peke yake, kisha akaziba mdomo.

Ofisa wa langoni aliitwa Bwana Makisio, Mpimaji wa daraja la kwanza, mtu mrefu aliyejining'inizia tepu za kupimia shingoni kama fundi cherehani. Hakumuuliza Mwajabu ametoka wapi wala amebeba nini. Alimuuliza swali moja tu, lile wanaloulizwa wageni wote wa Michoroni: katika anime zote ulimwenguni, ipi ndiyo johari ya kweli, ile ya kudumu?

Ni lazima ieleweke kwamba Mwajabu alikuwa amelijibu swali hili moyoni mwake kwa miaka mingi bila kuulizwa na mtu. Kule bwenini, wenzake walipokuwa wakibishana juu ya kazi kubwa kubwa zenye vita na miungu, aliwahi kuitaja kwa sauti ile anime aipendayo, nao wakaangua kicheko. Ina sehemu kumi na mbili tu, walisema, na hakuna hata ngumi moja. Hiyo nayo johari? Hakuitaja tena. Basi mtu alipomuuliza kwa heshima, tena mtu wa serikali, jibu lilimtoka kabla aibu haijaamka.

"Mvua ya Hisae," alisema. "Ile ya fundi miavuli."

Bwana Makisio alipuliza baragumu. Madirisha ya jirani yakafunguka, vichwa vikatokeza.

"Ahsante, mgeni wetu," alisema. "Kesi imefunguliwa."

Mwajabu alifurahi mno. Alidhani ni heshima.

Walitembea pamoja kuelekea mjini, na Bwana Makisio akamweleza sheria za nchi kwa upole wa mtu aliyezieleza mara nyingi. Anime inayotajwa langoni hupelekwa Barazani. Baraza huipima na kutoa moja ya hukumu mbili, Johari au Kapi, yaani pumba tupu, na hukumu ikishatoka haina rufaa. Majaji huchaguliwa kwa uangalifu mkubwa: sharti la kwanza ni kwamba jaji asiwe ameitazama kazi anayoihukumu. Mwajabu alidhani hakusikia vizuri. Bwana Makisio alirudia. Mtu aliyeitazama ana upendeleo, alisema, huenda ameipenda au ameichukia, na ushahidi wa mtu wa namna hiyo hauaminiki. Kwa hiyo kila anayesimama Barazani hula kiapo cha nchi: Sijaitazama, sitaitazama, na nina maoni.

"Na jaji akiitazama kwa bahati mbaya?"

"Anavua joho. Hata kuitazama si lazima. Jaji akisimuliwa habari zake, akajisahau akauliza 'kisha ikawaje', amekwisha. Anavua joho hapo hapo, anatoka nje na kuhesabiwa miongoni mwa waliozama katika hadithi."

"Na wakizama wote?"

Bwana Makisio alisimama ghafla, akamtazama kwa yale macho makubwa. Hapo kesi hubaki wazi, alisema, na kazi yenye kesi wazi haiguswi na mtu yeyote milele. Lakini hilo halijawahi kutokea, na si jambo la kuzungumza njiani.

Walipita kwenye uwanja mkubwa ambako vyama viwili vya nchi ile vilikuwa vikifanya mikutano uso kwa uso. Chama cha Enzi Zile hudai kwamba anime njema ya mwisho ilitengenezwa kabla wanachama wake hawajaota ndevu, na tangu hapo ni uharibifu mtupu. Wanachama wake hujinyunyizia vumbi mabegani kila asubuhi kabla ya kutoka. Chama cha Msimu Huu hudai kwamba anime bora kuliko zote zilizowahi kutokea ni ile iliyotoka juzi, na kila baada ya miezi michache hubadilisha bendera na kuapa kwamba ile ya zamani hawakuwahi kuipenda. Mzee mmoja wa Enzi Zile alikuwa akimwambia kijana wa Msimu Huu kwamba siku zile michoro ilichorwa kwa mkono na watu walikuwa na adabu. Kijana akamwuliza kama aliwahi kuiona hata moja. Mzee akajibu kwamba yeye si mtu wa kukaa anatazama katuni, ana familia.

Mwajabu alikuwa akiyashika yote, akicheka ndani kwa ndani, mpaka walipofika Kilima cha Vioo.

Hapa ndipo zinapowekwa Johari. Kilima kizima kilikuwa kiking'aa, na juu yake walisimama watu wa anime zilizoshinda kesi, kila mmoja juu ya kiti chake cha mawe, kila mmoja ndani ya kuba la kioo. Wageni walipanda kwa foleni. Wakifika mbele ya kioo husoma kibao, husema kwa pamoja, "Hakika hii ni Johari," kisha husogea mbele. Hakuna aliyeuliza mtu yule alifanya nini, alimpenda nani, au kwa nini ameshika birika.

Mwajabu alimtambua mmoja wao, rubani wa kike ambaye alikuwa akimwiga utotoni kwa kuvaa sufuria kichwani. Alitoka kwenye foleni akakimbilia kwenye kioo. Yule rubani alikuwa amesimama kama alivyowekwa, kidevu juu, lakini midomo yake ilikuwa ikitikisika. Mwajabu alibandika sikio. Kioo kilikuwa kinene, hakikupitisha sauti, ikambidi aangalie midomo na kusoma. Niulize kitu, yule rubani alikuwa akisema. Chochote. Niulize kitu.

Mwajabu alirudi nyuma hatua kadhaa. Ile furaha aliyokuja nayo toka langoni ilipoa mwilini mwake.

"Nao Kapi?" aliuliza. "Wanaposhindwa wanapelekwa wapi?"

Bwana Makisio alimwonyesha kwa kidole, chini ya kilima, kisima chenye maji meupe kama maziwa. Waliotumbukizwa humo walikuwa wamekaa pembeni juani, rangi zote zimewatoka, umebaki ule mstari mweusi tu. Upepo ulipovuma walishikana mikono wasipeperuke.

Mwajabu aliuliza iwapo mtu anaweza kuifuta kesi aliyoifungua mwenyewe. Bwana Makisio alisema swali hilo huulizwa na wageni wengi, hapa hapa walipo, na jibu ni hapana. Baraza litakaa alasiri hiyo hiyo.

Kati ya kilima na kisima kuna mtaa uitwao Mtaa wa Kati, na ndiko zinakoishi anime ambazo bado hazijatajwa na mtu langoni. Mwajabu aliufikia akikimbia, mtandio mkononi. Ni mtaa wenye makelele. Watu wa mifululizo mbalimbali hukopeshana chumvi, wachawi hufundisha watoto wa jirani hesabu, wachezaji wa mpira wanaoruka juu ya mapaa huombwa washuke, wameangusha vigae. Na watu wa kawaida huingia na kutoka majumbani mwao, hukaa kwenye mikeka, hula tambi, huuliza maswali na kujibiwa.

Mwishoni mwa mtaa mvua ilikuwa ikinyesha juu ya nyumba moja tu.

Aliijua nyumba ile. Aliujua mlango wake wa kusukuma pembeni, ubao wenye picha ya mwavuli, lile doa la unyevunyevu lenye umbo la samaki ukutani. Alisimama nje ananyeshewa na hakuweza kubisha hodi, kwa maana kuna watu unaowapenda kwa muda mrefu mno hata kuwaona unaogopa. Mlango ukafunguliwa wenyewe. Hisae alikuwa amesimama pale, nywele nyeusi zimelowa na kutulia, aproni yake ya buluu, nyuzi mdomoni.

"Dada, unalowa bure," alisema Hisae. "Na mwavuli huna. Umefika kwa fundi na mwavuli huna."

Mwajabu alianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akaomba radhi kwa vyote viwili. Ndani, juu ya benchi la kazi, alikaa Mzee Tokuji, baba yake Hisae, ameinamia mwavuli wa mtoto. Mwajabu alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mzee Tokuji aliendelea kukaza ubavu wa mwavuli, kile kijiti cha chuma kinachotandaza kitambaa. Hisae alimnong'oneza mgeni asijisikie vibaya, baba hasemi tangu mama alipoondoka. Mwajabu alijibu kwamba anajua. Katika sehemu zote kumi na mbili mzee yule hakuwahi kutamka neno hata moja, na Mwajabu alipokuwa msichana mdogo alimchukia kwa ajili hiyo.

Kisha alisema alichokuja kusema. Alisema baragumu lililosikika asubuhi lilipulizwa kwa sababu yake, kwamba aliwataja, kwamba alidhani anawatendea wema. Hisae alisikiliza akiwa ameshika birika. Hakukasirika, na hilo likawa gumu zaidi kulivumilia.

"Uliwaambia nini, dada? Kwamba sisi ni wakubwa?"

"Niliwaambia mnadumu."

Hisae alitazama rafu zilizojaa miavuli ya watu, mingine imesubiri tangu wiki iliyopita. Alisema kwamba yeye hana maneno ya Barazani. Anachotaka ni hiki tu: kesho afungue mlango, mtu aingie na mwavuli uliovunjika. Kwenye kioo hakuna anayeingia. Na kwenye kile kisima, aliongeza polepole, baba hana sauti tayari, wakimtoa na rangi atabaki na nini?

Alasiri Baraza lilijaa. Ni ukumbi wa duara, majaji wamekaa juu kwa majoho ya zambarau, na katikati yao Jaji Mkuu, Bi Kadirio, mama mwenye nywele za kijivu zisizopepea, jambo linalohesabiwa kuwa ishara ya hekima. Enzi Zile walikaa kushoto na vumbi lao, Msimu Huu kulia na bendera mpya. Hisae na baba yake waliwekwa kwenye benchi la mbele, na wingu lao dogo liliingia nao likawa linawanyeshea humo humo ukumbini. Mhudumu alileta ndoo.

Bwana Makisio alisoma vipimo. Urefu, alisema, hautoshi. Mifululizo ya heshima huchukua miaka, na mtazamaji huingia kijana akatoka na wajukuu. Makelele, hakuna, katika kazi nzima hakuna mhusika hata mmoja anayetaja kwa sauti jina la pigo kabla ya kulipiga, na kwa kweli hakuna pigo. Nywele, zimelowa. Kuhusu machozi, bilauri ya serikali ilirudi kavu, kwa sababu sheria inakataza kuitazama, na maofisa walijaribu kulia bila kuitazama wakashindwa.

Majaji walitikisa vichwa kwa kuridhika na usahihi huo.

Msemaji wa Enzi Zile alisimama akasema kazi hii ni changa mno, haina vumbi. Msemaji wa Msimu Huu alisema ni kuukuu, yeye hakuwa hata amejiunga na chama ilipotoka. Hapo walikuwa wamekubaliana kwa mara ya kwanza katika historia, wakaona aibu, wakabadilisha. Enzi Zile wakasema kwamba kwa kuwa hakuna anayeijua lazima iwe na kina kirefu, ni Johari. Msimu Huu wakasema ikiwekwa kwenye kioo leo itakuwa Johari mpya kuliko zote, nao wangependa kuwa wa kwanza kuchoshwa nayo. Ukumbi ulishangilia. Mwajabu aliona mafundi wakiingia kwa mlango wa nyuma na kuba la kioo kwenye mkokoteni, na aliona mkono wa Hisae ukishika shati la baba yake.

"Aliyeitaja ale kiapo," alisema Jaji Mkuu.

Mwajabu alisimama. Bwana Makisio alimsogelea akamtamkia kiapo kwa sauti ya chini, neno kwa neno, ili amfuatishe. Sijaitazama, alisema. Mwajabu alifungua mdomo.

"Nimeitazama," alisema.

Hawakusikia. Jaji Mkuu aliomba aongeze sauti, kama walivyoomba wote maishani mwake, na safari hii sauti ilipanda.

"Nimeitazama, Mheshimiwa. Tena na tena. Nimeitazama nikiwa na homa, na siku ya matokeo, na mchana wa sikukuu wenzangu wakiwa wametoka."

Ilizuka ghasia. Kina mama wa Enzi Zile walijifunika nyuso. Kijana mmoja wa Msimu Huu aliuliza jirani yake kama hilo laweza kuambukiza. Jaji Mkuu aligonga meza, akasema sheria iko wazi, mwenye upendeleo huhojiwa ili upendeleo wake upimwe kina. Akamtaka shahidi aeleze ni kitu gani hasa katika kazi hiyo kilichompendeza, kwa ufupi.

Mwajabu alimtazama Hisae, kisha akaanza kusimulia sehemu ya saba.

Aliwaambia kwamba katika sehemu ya saba hakuna kinachotokea. Ni mji ambao mvua haijakatika tangu daraja lilipobomoka na kumchukua mama mtu. Binti ameweka maji ya chai motoni. Baba yuko kwenye benchi anatengeneza mwavuli, kwa sababu kesho binti anakwenda mjini kwenye usaili wa kazi na mwavuli wake umevunjika ubavu. Binti anasubiri jambo moja. Anasubiri baba yake amwambie neno, hata "nenda salama" tu. Amejitengenezea vijisababu vya kupita karibu na benchi. Anafagia palipofagiliwa. Anauliza kama chai iwe na sukari, na anajua baba hatumii sukari.

Juu kabisa, upande wa kulia, jaji kijana alikuwa ameinama mbele, kidevu mikononi.

"Kisha ikawaje?" alisema yule jaji.

Akashika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Alivua joho taratibu, akalikunja, na badala ya kutoka nje akashuka na kukaa chini sakafuni, karibu na msimulizi.

Wakati huo ndipo Mwajabu alipoelewa alichokishika mkononi. Wakizama wote, kesi hubaki wazi. Alitaka kukimbia na alitaka kuendelea, akaendelea. Hakuharakisha. Alisimulia maji yanavyoanza kuimba kwenye birika, na kivuli cha miavuli ukutani kama msitu. Alisimulia binti anavyosema, bila kugeuka, "Baba, nikiipata ile kazi sitarudi kila siku," na mvua inavyojaza mahali pa jibu. Jaji mmoja mnene aliuliza kama aliipata kazi. Joho likaanguka. Mwingine hakuuliza kitu, alipenga kamasi tu, na wenzake wakamwangalia mpaka akalivua mwenyewe. Bwana Makisio alisimama akakumbusha kanuni, akarekebishwa na mzee mmoja wa Enzi Zile aliyemwambia akae, anaziba.

Mwishoni, Mwajabu alisema, mwavuli wa binti umekwisha. Baba anaufungua, anauangalia kwenye mwanga, anaufunga, anauweka karibu na viatu vya mwanawe. Kisha anasimama, anafungua mlango na kutoka mvuani hivi hivi, bila mwavuli, bila neno, na sehemu ya saba inaishia hapo na binti ameshika vikombe viwili.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," alisema. "Nililia kwa hasira. Nilisema baba gani huyu, anamwacha mtoto bila hata kwaheri."

Matone yaliendelea kudondoka kwenye ndoo. Majoho yalikuwa yamelala sakafuni kama maboga. Juu amebaki Jaji Mkuu peke yake, Bi Kadirio, mgongo wima, mtu ambaye hakuwahi kuzama katika maisha yake yote ya kazi. Alifumba macho. Alionekana kutafuta namna ya kuuliza ambayo isingehesabiwa.

"Huyu baba," alisema hatimaye, "ni fundi miavuli. Nyumba imejaa miavuli. Kwa nini asichukue wake?"

Katika kutazama kote kule Mwajabu hakuwahi kujiuliza. Alifumba macho naye, akarudi ndani ya kile chumba alichokijua kuliko chumba chake. Akapita benchi. Akapita birika. Mlangoni, kwenye msumari, palikuwa na mwavuli mweusi wa mzee, ulikuwapo siku zote, katika kila sehemu. Akauangalia vizuri, kama ulivyoonekana katika sehemu ya saba. Upande mmoja ulikuwa umelegea, umening'inia kama bawa la kuku aliyenyeshewa.

"Kwa sababu hauna ubavu mmoja," alisema polepole. "Duka halikuwa na ubavu wa saizi ile. Aliung'oa kwenye wake, Mheshimiwa. Aliuweka kwenye wa binti."

Akafunika uso kwa mtandio, na kwa mara ya kwanza akamlilia yule mzee.

Kwenye benchi la mbele Hisae alikuwa amegeuka na kumkodolea baba yake macho. Ilidhihirika kwa kila mtu kwamba hata yeye hakuwa akijua. Mzee Tokuji aliangalia mikono yake.

Jaji Mkuu aliinua mikono, akafungua kifungo cha joho lake shingoni, likateleza chini. Alitangaza, kwa sauti iliyojitahidi kuwa ya kiserikali, kwamba Baraza halina tena mtu asiyejua, kesi inabaki wazi, na lile kuba la kioo lirudishwe lilikotoka. Halafu aliuliza, akimwelekea Mwajabu na kuinama kidogo kama jirani anayeomba moto, sehemu ya nane inaanzaje.

Habari za Michoroni tangu siku ile ni nyingi na nyingine hazijathibitishwa. Inasemekana Chama cha Enzi Zile kiligawanyika baada ya wanachama kuanza kutazama walichokisifu. Inasemekana kuna watu wanaopanda Kilima cha Vioo si kusoma vibao, bali kugonga kwenye kioo na kuuliza maswali, na kwamba kuba moja limepata ufa. Lililothibitishwa ni kwamba Bwana Makisio alimfuata Mwajabu nje ya ukumbi akiwa na tepu zake zote, amefadhaika kweli, akamtaka amwambie basi ni nini kinachopimwa. Mwajabu alifikiri, maana hakuwa mtu wa majibu ya haraka ila lile moja. Alimwambia kwamba kitu alikipenda akiwa mtoto, amerudi mtu mzima akakuta kumbe kilikuwa kimemwekea kingine mlangoni, kwenye msumari. Hajui hicho kinapimwa kwa kipimo gani. Bwana Makisio alikunja tepu moja, akaitia mfukoni, akauliza kama wakati wa kuitazama mtu hukaa au husimama.

Kabla ya kuondoka, Mwajabu alipita Mtaa wa Kati. Foleni ya watu na miavuli ilikuwa imefika mpaka kwenye duka la tambi, na katikati yake, bila kutaka kupishwa, alikuwapo Bi Kadirio na mwavuli wa zambarau ambao mtu mwenye macho angeona umevunjwa makusudi. Ndani, Hisae alikuwa na nyuzi mdomoni, akamkonyeza tu. Mwavuli mweusi ulikuwa umetundikwa pale pale kwenye msumari. Ulikuwa na ubavu mpya, na kazi ilikuwa ya Hisae, Mwajabu aliitambua kwa fundo.

Alisimama mbele ya benchi, akapiga goti kama mara ya kwanza, bila kutarajia kitu.

"Shikamoo, baba."

Mzee Tokuji alikaza uzi, akaukata kwa meno. Aliweka mwavuli wa mtoto pembeni. Hisae alikuwa akimimina chai, na mkono wake ukasimama, chai ikaendelea kumwagika nje ya kikombe, kwa sababu sauti iliyofuata haikuwamo katika sehemu yoyote.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. "Nenda salama."